Siku Skola Alipovuka Shoka

Uligeuza uso. Usinikatalie, ulikuwepo. Ulikuwepo njiani siku ile pamoja na ukoo mzima, na Gigmai alipoinua mkono, wewe uliona kamba ya kiatu chako imelegea, ukainama kuifunga. Kila ukoo una mtu wake wa kuinama. Nawajua wote kwa sura, na kumbukumbu yangu haijapata kutu. Kwa hiyo leo hutainama. Leo utatazama, kuanzia chini kwenye daraja la kamba hadi juu kabisa kwenye uwanja wa Koruma, bibi harusi alikokuwa akingojewa.

Bibi harusi mwenyewe alikuwa Skola, binti wa Ulka. Tangu alfajiri walikuwa wamempaka mafuta ya nguruwe mpaka mabega yakang'aa. Kichwani walimvika taji la manyoya ya ndege, meusi na mekundu, marefu kama mkono wa mtu. Kifuani akaning'inizwa kombe jeupe la chaza lililokatwa mfano wa mwezi mwandamo. Kuvaa hivyo tu ni kazi, na kupanda mlima ukiwa umevaa hivyo ni adhabu. Lakini Skola alikuwa akipanda kama mtu anayeshuka. Huko juu alikuwepo Kerenga.

"Punguza mwendo, mwanangu," mama yake, Ulka, alimwita kutoka nyuma, pumzi zikimkatika. "Watu wa Koruma watasema tulikuwa tunakunyima viazi, ndiyo maana unakimbilia kwao."

"Mama, nguruwe wananisukuma."

"Nguruwe wako nyuma yangu, mwongo we!"

Wanawake wakacheka mpaka mizigo ikawayumba vichwani. Mjomba Teine, kaka yake Ulka, alikuwa akimvuta dume kubwa lililokita miguu kwenye tope jekundu, halitaki. Akajifuta jasho akasema, "Huyu mnyama ana akili kuwashinda. Anajua huko harusini anakwenda kufanywa nini. Nyinyi mnakenua meno tu."

Mtu mmoja hakucheka. Gigmai, kaka mkubwa wa Skola, alitangulia mbele peke yake, shoka begani. Hakuwa amejipaka rangi ya harusi. Tangu waondoke nyumbani hakuwa ametia neno.

Usidhani alikuwa hana kisa. Mwaka wa vita vya bonde, Kaupa, aliyezaliwa kati ya Gigmai na Skola, alipigwa mshale wa shingo na watu wa Koruma. Gigmai aliuona mshale ule ukiingia. Akarudishwa nyuma na wenzake, na maiti ya ndugu yake ikabaki kwenye majani, upande wa adui. Asubuhi yake, wakati pinde bado zimevutwa pande zote mbili, kijana mmoja wa Koruma alitoka mitini bila silaha. Alikuwa amembeba Kaupa mgongoni kama mtu anavyombeba mdogo wake aliyelala. Akavuka mto, akamlaza miguuni pa mama Ulka, akageuka akarudi kwao bila kukimbia. Hakuna aliyemtupia mshale. Skola aliutazama mgongo ule, damu ya kaka yake imeuchora, hadi ulipozama kwenye mivinje.

Kijana yule ndiye Kerenga.

Walikutana tena suluhu ilipokwisha kufungwa, kwenye nyumba ya nyimbo, vijana na wasichana wameketi magoti kwa magoti, wakiimba na kugusanisha mapaji ya uso kama ilivyo desturi. Skola hakuchagua kuketi mbele yake. Hakuchagua pia kuondoka.

"Unanuka moshi wa viazi," Kerenga alimnong'oneza, paji la uso wake likiwa kwenye paji lake.

"Na wewe unanuka adui."

"Adui ananukaje?"

"Kama wewe. Endelea kuimba, watu wanatusikiliza."

Gigmai aliposikia habari hizo alipasua mlango wa jiko kwa teke. "Utalala na mkono uliomuua Kaupa?" Skola akamjibu, "Mkono uliomuua wanaujua wenyewe. Mkono wa Kerenga ndio uliomrudisha nyumbani." Alipigwa kofi kwa jibu hilo. Mama yake alikuwa anamenya viazi, akaendelea kumenya. Hilo nalo ninalikumbuka.

Basi mlima. Njia ilipoanza kuwa ya mawe na mianzi, Dama, mke wa Gigmai, alimshika Skola mkono.

"Wifi, simama nikukaze mkanda."

"Mkanda umekaza."

"Nimesema simama."

Dama alipiga goti mbele yake akajifanya anafunga. Kifundo cha mkono wake kilikuwa kimevimba. Kila mtu alikijua kivimbe kile, na kila mtu alikuwa amekubaliana kuwa Dama huanguka ovyo. Alisema bila kuinua uso: "Hakula."

"Nani hakula nini?"

"Kaka yako. Nyama ya suluhu."

Kwetu vita haviishi kwa kupeana mikono. Vinaisha siku pande mbili zinapoketi zikala nguruwe mmoja, na kila mwanamume akaonekana amemeza. Aliyemeza amezika upinde wake. Asiyemeza, vita bado vimo tumboni mwake.

"Nilimwona anatafuna," Skola alisema.

"Alitafuna. Kisha akaitema kwenye jani, akaileta nyumbani, akampa mbwa. Mimi nilikuwa mlangoni. Akaniambia nikifungua mdomo ataufunga kwa jiwe."

"Dama..."

"Sikiliza, wifi, wanakuja. Jana kutwa amenoa shoka. Bwana harusi atakapoinama kuikata nyama ya kukupa wewe, shingo itakuwa wazi. Kaka yako atasimama nyuma yake kama shemeji. Ameniambia mwenyewe, anacheka."

"Mwambie mjomba!"

"Nilimwambia mjomba wako." Dama alisimama, akakung'uta magoti. "Alinijibu kwamba ya chumbani hayapandishwi mlimani."

Wakaendelea kupanda. Skola hakuwa tena akisikia vichekesho vya wanawake. Akirudi nyuma, posa imevunjika, na watu wa Koruma watahesabu kuwa ni tusi. Vita vitaanza jioni. Akisema njiani, wazee watamnyamazisha, na Gigmai ataapa kwa kaburi la Kaupa kuwa ni uongo wa wanawake. Akinyamaza, atafika juu amependeza, ataketi kwenye majani, na Kerenga atainama.

Alimwona akiinama. Alimwona vizuri sana, ile shingo aliyowahi kupumulia, na kila alipofumba macho iliinama tena.

Walipumzika kwenye kiwanja kidogo chini ya mivinje, mahali pa mwisho penye kivuli kabla ya kilele. Wanaume waliketi upande wa juu, wanawake chini yao. Kila mmoja akatoa tumbaku, akachana kipande cha gazeti cha kuisokotea. Upepo wa mlimani ulikuwa mkali, ukampokonya Gigmai karatasi yake mara mbili. Akahitaji mikono yote miwili. Akalitua shoka begani akalilaza chini. Akalilaza njiani.

Mwanamume wa kwetu hafanyi hivyo. Shoka husimamishwa kwenye shina la mti, au hulaliwa, lakini halilazwi panapopita wanawake. Shoka likivukwa na mwanamke limekufa. Mwenye nalo akilipeleka kuua, mkono wake utalegea na atakayekufa ni yeye. Na yeye mwenyewe haguswi wala haazimwi silaha mpaka atakaswe. Wapo wanawake waliowahi kukatwa kwa lile lile shoka walilolivuka kwa bahati mbaya, gizani, wakienda kuchota maji. Gigmai aliyajua haya tangu hajaota meno. Ila alikuwa amezoea kutowaona wanawake walioketi chini yake, na mtu usiyemwona humwogopi miguu.

Skola alisimama.

"Unakwenda wapi?" mama yake aliuliza. "Manyoya yatavunjika, keti."

Hakuketi. Alipanda hatua chache hadi palipolala shoka. Gigmai alikuwa anaramba ukingo wa karatasi. Skola alikusanya sketi yake ya nyuzi kwa mkono mmoja, akainua mguu, akavuka. Kisha, asije mtu akasema aliteleza, akageuka akavuka tena.

Gigmai akaiacha karatasi iende.

"Umefanya nini?" Gigmai alisema taratibu.

"Nimevuka."

"Skola. Umefanya nini?"

"Limekufa, kaka. Liache hapa hapa. Hutalipeleka kwa mume wangu."

Sasa tazama. Hapa ndipo ulipoinama mara ya kwanza, kwa hiyo hapa ndipo utakapotazama.

Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni. Taji lilikwenda pembeni, manyoya yakakatika kwa sauti ndogo kama kuni kavu. Ya pili ilimpata jichoni, akaangukia mgongo. Gigmai akaokota gongo la mvinje lililolala kwenye majani, akampiga nalo mapajani, mabegani, kwenye mikono aliyojikingia uso. Lile kombe la chaza likapasuka kifuani pake na kipande kikamchana. Alimpiga akimtaja Kaupa: kila pigo, "Kaupa! Kaupa!" kana kwamba marehemu ndiye aliyemtuma. Dama alijirusha katikati. Alishikwa nywele akatupwa kwenye magugu. Skola alilia mara moja tu, alipohisi jino limehama. Baadaye akawa anahema.

Na ukoo? Mjomba Teine aligundua fundo la kamba ya nguruwe limelegea. Binamu mmoja akafuata karatasi zilizopeperuka. Wanawake wakapakua mizigo wakaipakia upya. Mama Ulka alijiziba mdomo kwa mkanda wa mkoba wake, akautazama ukungu uliokuwa ukipanda kutoka bondeni, akautazama kwa bidii kama mtu anayesoma.

Gigmai aliacha alipochoka. Hakuacha kwa kuombwa, maana hakuna aliyemwomba.

"Basi, basi," Mjomba Teine alisema hapo, kwa sauti ya mpatanishi. "Yamekwisha. Mfuteni. Njia hii ina utelezi, tope lote hili. Ameanguka. Tumeelewana?"

"Ameanguka," wakaitikia.

Gigmai aliwaangalia ndugu zake. "Nani ananiazima shoka?" Kila mmoja alilivuta la kwake karibu. Kumpiga dada yake walikuwa wamemruhusu. Shoka hawakumpa.

"Turudi, mwanangu?" mama alinong'ona, akimfuta damu kwa jani. "Turudi nyumbani?"

"Nirudi wapi, mama? Huko chini nimeshapigwa. Sijaona bado kama na juu napigwa." Alisimama kwa kumshika Dama bega. "Twende."

Akatangulia yeye.

Koruma ilikuwa juu ya mawingu siku ile. Moshi wa mashimo ya kuchomea nyama ulipanda wima, ngoma za ngozi ya kenge zilikuwa zinalia, na wanaume wa pale walikuwa wamejipanga kwa rangi na manyoya, mikuki mikononi kwa heshima ya harusi. Kerenga alisimama mbele yao. Alikuwa amejipaka masizi usoni, macho tu ndiyo yaliyoonekana. Macho yale yalilitafuta taji kwanza, yakakuta manyoya mawili yaliyopinda. Yakashuka kwenye jicho lililofumba. Yakashuka mdomoni. Yalipofika kwenye kifua kilichochanika, Skola aliona yanajaa maji, na hayakupepesa.

Ngoma zikanyamaza moja moja.

"Nani?" Kerenga aliuliza.

Mjomba Teine alijisogeza mbele akitabasamu. "Mkwe wetu, hii njia yenu nayo! Utelezi mtupu. Binti ameanguka."

"Sikukuuliza habari za njia, mzee wangu." Kerenga hakumtazama. "Skola. Nani?"

"Waulize hawa. Walikuwepo wote."

"Nakuuliza wewe."

"Na mimi nakwambia waulize wao. Nikisema mimi, litakuwa neno la mwanamke mmoja aliyeanguka."

Vijana wa Koruma hawakuhitaji kuambiwa. Walikuwa wameshamwona Gigmai nyuma, vifundo vya ngumi vimechubuka, hana shoka. Mishale ikatoka mikobani. Kerenga alinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, mtu akamtilia mkuki.

"Sema neno moja," alimwambia Skola. "Nimuue."

"Hapana."

"Amekufanya hivi!"

"Amenifanyia mimi, mwili wangu naujua kuliko wewe. Ukimuua watakuja kukuua, nami nitakuwa nimepanda huku kuja kukuzika. Kerenga, nimekuvukia shoka. Unajua ni nini nilichokuvukia?"

Alijua. Kila mtu pale juu alijua, na mnong'ono ukapita kwenye mistari kama upepo kwenye majani makavu.

"Basi unataka nini?" aliuliza. "Nikupe nini, mke wangu?"

"Nataka atajwe. Na watu wake. Kwa sauti."

Mama Ulka alitazama huku na huku akitafuta ukungu. Ukungu ulikuwa umebaki chini. Hapakuwa na kitu cha kutazama ila watoto wake wawili.

"Gigmai," alisema.

"Mama," Gigmai alionya.

"Mwanangu Gigmai ndiye aliyempiga." Sauti yake ilipasuka, ikatoka kubwa. "Alimpiga kwa gongo na mimi nilikuwepo, nilikuwa karibu kuliko nilivyo sasa, na nilikuwa natazama ukungu! Niliwazaa wote wawili kwa uchungu ule ule, nikatazama ukungu!"

"Na nyama ya suluhu hakumeza," alisema Dama, mkono wake uliovimba ameuinua watu wauone. "Alimpa mbwa. Hiki kifundo pia ni yeye. Sijawahi kuanguka mahali popote mimi."

"Gigmai," alisema binamu aliyefuata karatasi. "Gigmai," walisema wanawake wenye mizigo. Mjomba Teine alisema wa mwisho, kidevu kifuani, lakini alisema.

Kerenga aliukita mkuki ardhini. Alikwenda kwenye shimo lililofunuliwa, akakata nyama kwa kisu cha mwanzi, akarudi nayo ikifuka moshi kiganjani, akasimama mbele ya Gigmai.

"Shemeji. Nilimbeba ndugu yako, najua uzito wake. Kula. Meza watu wakiona. Kisha utaketi chini, kila mmoja aseme ulichofanya, na usikie hadi mwisho. Au usile, ushuke."

Gigmai alilipiga lile pande la nyama likaenda mavumbini. Akawageukia watu wake, akingoja waje upande wake kama walivyokuja siku zote. Hakuna aliyeinua unyayo.

"Dama. Twende."

Dama aliketi chini, akanyoosha miguu. "Mimi nimefika," alisema.

Pinde zilimfuata Gigmai hadi ukingoni. Skola alikwenda akasimama mbele ya mishale, mikono ameitandaza, akiyumba, mpaka mgongo wa kaka yake ulipozama. Hapo ndipo alipoanguka, na Kerenga akamdaka.

"Taji lako limevunjika," alimwambia, akimpaka mafuta kwenye michubuko kwa ncha za vidole, akiogopa kila mahali alipogusa.

"Na jino."

"Nikuoe hivi hivi?"

"Ulitaka nishuke nipande tena?" Alicheka, ikamuuma, akacheka tena. Na nyuma yao, moja moja, ngoma zikaanza.

Wewe je? Gigmai alishuka, na anayeshuka hufika mahali. Yupo mahali ulipo. Unaujua mkono wake, na unamjua yule anayesemekana ameanguka, maana jana ulimwona amefunga kitambaa ukamuuliza habari za mvua. Usiseme utaongea naye faraghani. Faragha ndiyo nyumba yake. Funga kitabu hiki. Simama. Nenda mlangoni kwake mchana huu, watu wakiwa wamejaa, mshike mkono aliyeumizwa, na mtaje aliyemuumiza kwa jina lake lote. Si kesho. Kabla hujakaa tena.